Maji ya Bondeni na Beringi Iliyoungua

Siku ya kuniaga, mshika kipaza sauti alisoma tarehe nilizopanda vyeo, zote mbili, kisha akanipa dakika tano niseme neno. Dakika tano! Mimi ambaye nikianza kueleza namna ya kurudisha tela kinyumenyume natumia nusu saa na bado sijafika kwenye usukani. Nilishukuru, nikala pilau, nikarudi nyumbani na maneno yangu yote tumboni. Sasa nayaandika kwa ajili yenu madereva mliobaki. Habari za mshahara sitaandika, mnazijua wenyewe.

Niliingia karakana yetu ya hospitali ya Mkomaindo, pale Masasi, nikiwa mama wa mtoto mmoja, Neema, na leseni ambayo ilikuwa bado inanukia upya. Natoka katika ukoo wa walimu na makatekista wa upande wa Chidya, watu wa Biblia na chaki, na baba yangu aliposikia nimeomba kazi ya udereva aliuliza kama nina homa. Fundi mkuu alikuwa Baba Zuhura, mtu wa Newala, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimu usogee karibu ndipo ugombezwe vizuri. Nilimwamkia, "Shikamoo, Baba Zuhura." Akaitika marahaba, akaangalia viatu vyangu, akasema, "Ingia chini." Nikauliza chini ya nini. "Chini ya gari, mwanangu. Unataka kuliendesha, hujalijua tumbo lake?" Siku ile yote nililala chali juu ya gunia nikitafuta chuchu za grisi moja baada ya nyingine na kuzitaja kwa sauti. Jioni nilipotoka nilikuwa mweusi mpaka masikioni, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote wa ukoo wangu.

Karakana ya Baba Zuhura ilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Gari likitoka safari ya porini, yeye hapokei funguo. Wewe dereva uliyekwenda nalo ndiye unayelipiga brashi kavu kwanza, kwa sababu ukianza na maji unausukuma mchanga ndani zaidi. Ndiwe unayelipiga jeki, unayetoa matairi, unayefungua habu, vitovu vya magurudumu, na kuosha beringi zote kwa dizeli, kisha unazipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio wa magurudumu. Hapo ndipo anapokuja. Anaichukua beringi, anaizungusha karibu na sikio, halafu anakuhadithia safari yako mwenyewe. "Hapa ulikimbia kwenye mchanga. Hii imeingia majini ikiwa na moto." Hakuwahi kukosea. Tulimwita Padri kwa siri, maana kule kwake ilikuwa ni kuungama tu, ingawa mwenyewe alikuwa Mwislamu wa kuswali swala zote tano.

Kazi yetu, kwa msiokuwepo zamani, ilikuwa kuwapeleka wauguzi na daktari wa macho vijijini. Vijiji vya juu, Masasi mpaka Newala, vilikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa kule chini, bonde la Ruvuma, ambako barabara inaacha kuwa barabara na inakuwa ushauri tu. Kule lazima upige kambi siku tano au sita, na kambi ina mahema, jenereta, majiko, vyombo vya daktari, na chakula. Vitu hivyo vikiingia ndani ya gari, hakuna kiti kinachobaki kwa mgonjwa. Kwa hiyo tulikuwa tunashuka, tunawapima watu macho, tunawaambia una mtoto wa jicho, unahitaji kupasuliwa hospitali, kisha tunapanda na mahema yetu na kuwaacha palepale.

Ndipo lilipokuja tela. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nane kazini, sikuwa mgeni wa chochote, lakini nilipoliona limesimama pale uwanjani, magurudumu mawili makubwa, springi nene, turubai la kijani, moyo ulinienda mbio kama wa mwari siku ya kutolewa. Wenzangu walikwepa. Mmoja aliugua mgongo siku hiyohiyo. Nikasema naliendesha mimi.

Baba Zuhura alinifundisha wiki mbili kwenye shamba la mikorosho nyuma ya karakana. Kurudi nyuma na tela ni kazi ya kuikana akili yako: unataka liende kushoto, unazungusha kulia, na ukichelewa kuurudisha usukani linakukunjia kama panzi. Niligonga mikorosho mitatu. Mwenye shamba akaja kuketi pembeni kila asubuhi, akisema amekuja kuangalia mikorosho yake ikifa. Siku niliyoliingiza tela katikati ya miti miwili bila kugusa jani, yule mwenye shamba alisimama akapiga makofi, nami nikashuka garini nikacheza pale pale. Baba Zuhura akasema, "Sasa lifanye tena. Mara moja ni bahati."

Meneja wetu wa usafiri, mtu mpole aliyetoka mikoa ya mbali, hakulipenda lile tela. Alikuwa amewahi kuona moja likiburuta gari korongoni. Alisema wazi mbele yetu sote: safari moja ya majaribio, na likirudi na kasoro yoyote linahamishiwa mkoa mwingine. Nikaitika "sawa" upesi, kama mtu ambaye hajawahi kupata pancha.

Tulishuka wakati mikorosho inapigwa salfa, kuna vumbi la njano hewani kila upande, na filta ya hewa niliigonga kila tulipopumzika, inatoa unga kama wa dona. Baada ya Newala njia inakatika ukingoni na unaliona bonde lote limelala chini yako. Niliingiza gia nzito ya fowili, inayosukuma magurudumu yote manne, nikaacha breki, nikaiacha injini ishike yenyewe. Tela lilinifuata kimya, jiwe kwa jiwe. Mama Rehema, muuguzi wetu kiongozi, mzaliwa wa Newala, alikuwa kiti cha mbele ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. "Mama Neema, liko nyuma bado?" "Lipo." Baada ya dakika: "Bado lipo?" Nilicheka mpaka mashavu yakauma. Nawaambieni kweli, katika miaka yangu yote sijawahi kujisikia dereva kama saa ile.

Chini tulivuka kijito chenye mchanga laini, maji yakafika katikati ya magurudumu, tukapiga kambi jirani na zahanati ya kijiji. Siku tano za kazi zilikwenda vizuri. Mtu ninayemkumbuka zaidi ni Bi Fatu, mfinyanzi wa vyungu. Macho yote mawili yalikuwa yamefunga. Alikuwa amefunga kamba ya katani kutoka mlangoni kwake mpaka chooni, na nyingine mpaka jikoni, na kwa kamba hizo mbili alikuwa anaishi. Daktari alimwambia anaweza kuona tena akipasuliwa. Bi Fatu akauliza, "Nitafikaje huko?" Mama Rehema akamwambia tutarudi baada ya wiki tatu, hospitali ikiwa tayari kuwapasua, tumchukue yeye na wagonjwa wenzake saba, na safari hiyo watapata viti, kwa kuwa sasa mizigo ina tela lake.

"Walikuja wengine pia wakasema watarudi," alisema Bi Fatu. Kisha akageuza uso upande niliposimama. "Wewe mwenye sauti hiyo ndiye dereva? Basi niahidi wewe. Daktari hana gari."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa kishindo, kama kawaida yangu.

Sasa nakuja kwenye kosa, na msilikimbie, maana ndilo nililolianzia kuandika yote haya. Newala ni mji wa kiu. Mtu aliyekulia pale, au aliyeolewa pale kama mimi, hapiti kwenye maji na chombo kitupu. Hafikirii, mkono unakwenda wenyewe. Pale kijijini bondeni kulikuwa na kisima cha pampu chenye maji matamu, na asubuhi ya kuondoka, chakula kimekwisha na tela limekuwa jepesi, Mama Rehema akafungua mfuko wa hema lake akatoa madumu sita matupu. Kumbe kila mtu alikuwa nayo. Msaidizi wa maabara alikuwa nayo manne ndani ya sanduku la sahani. Daktari, mtu wa Dar es Salaam, hakuwa nayo, lakini alikuwa ameshaazima mawili. Mimi nilikuwa na saba chini ya kiti changu. Tukajaza yote, tukajaza na pipa la kambi. Na kwa kuwa kila mtu alitaka dumu lake liwe karibu na mlango wa nyuma, ashuke nalo haraka akifika Newala, tuliyapanga yote kwenye mkia wa tela.

Mimi, mwenye miaka kumi na nane kazini, nilifunga mlango wa tela nikapiga kofi la kuridhika.

Tulipoanza kupanda nilijua. Tela lenye mkia mzito linainua matako ya gari, nayo magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, yanazunguka bila kuuma ardhi. Kwenye kona ya kwanza lilitikisa matako ya gari kushoto na kulia. Ilinipasa nisimame pale. Sikusimama, nilikuwa namwona mama mkwe wangu akifungua dumu. Kwenye kona ya tatu nikasikia harufu ya grisi inayoungua. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikatema mate kwenye habu ya kushoto ya tela. Yalichemka yakapotea.

Daktari wa watu, kwa nia njema kabisa, alikuja mbio na ndoo ya maji.

"Usimwage!" nilipiga kelele mpaka bonde likajibu. "Chuma cha moto kikipata maji kinapasuka!" Akasimama na ndoo yake hewani. Habu iliyoungua inaachwa ipoe yenyewe, madereva, hata kama ni nusu siku.

Nilikaa juu ya jiwe nikiitazama. Kama beringi imekufa, tela limekwisha, na Bi Fatu amebaki na kamba zake. Nilikuwa nimempa mtu ahadi na kuivunja kabla hata ya kufika Newala, kwa madumu saba.

"Lazima tupunguze mzigo," nikasema.

Mama Rehema aliniangalia kama nimemwambia amtupe Rehema. "Kuyamwaga? Mama Neema, kuyamwaga chini?"

Hatukumwaga. Njia ile ndiyo njia ya wanawake wanaoshuka na ndoo kuchota bondeni na kupanda nazo kichwani, na haikuchukua muda likaja kundi lao, ndoo tupu. Walituona, wakaliona tela, wakauliza kama tunauza. Mama Rehema akameza mate akasema tunagawa. Mmoja akacheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha wakapiga vigelegele mpaka kona zote zikasikia, wakajaza ndoo zao, wakageuka na kurudi juu palepale, safari yao imekatwa nusu. Mama Rehema alimimina mwenyewe, dumu kwa dumu, na la mwisho alilikumbatia kidogo kabla ya kulifungua.

Habu ilipopoa niliifungua. Sili ya mpira, ile inayozuia maji na vumbi, ilikuwa imechanika, mchanga wa kijito ulikuwa umeingia, na uzito ukamalizia kazi. Beringi ilikuwa imegeuka rangi ya bluu na ina mikwaruzo. Sikuwa na ya akiba ya saizi ile, nalo hilo ni kosa langu la pili. Niliiosha kwa petroli, nikaijaza grisi kwa kiganja mpaka ikatoka upande wa pili, nikaifunga. Wenzangu wote wakatembea kwa miguu. Nami nikapanda mwendo wa kinyonga, nikisimama kila kona kushika habu, nikiliongelesha lile tela maneno ambayo katekista wa ukoo wetu asingeyaandika.

Newala tulifika. Kwenye duka la vipuri, sokoni, walikuwa na beringi ya saizi hiyohiyo, nikainunua nikaifunga. Ikakaa vizuri, inazunguka bila sauti. Hapo Mama Rehema akanivuta kando.

"Hiyo ya zamani itupe," alisema kwa sauti ya chini. "Utapanga mpya kwenye kitambaa. Meneja atajuaje? Mfikirie yule bibi na kamba zake."

Nilimfikiria, na kwa ajili yake nilitaka kuitupa. Ningesema uongo na ningelala usingizi mzuri tu, msidhani mimi ni malaika. Lakini nilijua kitu kimoja ambacho Mama Rehema hakukijua: beringi moja mpya katikati ya tatu za zamani, Baba Zuhura angeiona kabla hajavaa miwani. Na mbaya zaidi, safari ijayo wangejaza mkia tena, na nisingekuwa na la kuwazuia, kwa kuwa ningekuwa nimesema hakuna kilichotokea. Nikaifunga ile iliyoungua kwenye kitambaa, nikaitia mfukoni.

Kesho yake Mkomaindo nilifanya kazi yote: brashi kavu, filta, oili ya difu, sanduku la gia za magurudumu ya nyuma, ambayo nayo ilikuwa imeingia maji na kugeuka chai ya maziwa, springi, breki, habu zote. Nikapanga beringi kwenye kitambaa cheupe. Ile ya bluu nikaiweka mbele, peke yake. Meneja naye alikuja, amekunja mikono.

Baba Zuhura hakuizungusha. Aliishika tu. "Mlibeba nini?"

"Maji, Baba Zuhura."

"Kiasi gani?"

Nikamwambia. Na mkia nikamwambia. Meneja akatikisa kichwa, akasema basi, alishasema tangu mwanzo, tela linaondoka, na wote wanaosafiri na magari wapigwe marufuku kubeba maji ya binafsi. Niliona uso wa Bi Fatu pale hewani, nikasema, "Meneja, tafadhali," basi. Mimi! Kama mnanijua mtaelewa hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Baba Zuhura akaweka beringi chini. "Meneja, kwa heshima. Mtu wa Newala ukimkataza kubeba maji atayaficha. Atayaweka kwenye hema, kwenye jiko, chini ya kiti. Hutayaona, na uzito utakuwepo palepale. Muwekee mahali pa kuyabeba, na mahali pale pakijaa, pamejaa."

Alichukua chaki, akaingia ndani ya tela, akachora mstari juu ya ekseli hasa, mhimili unaobeba magurudumu. Siku hiyo na iliyofuata alichomelea fremu ya vyuma, vyumba kumi vya madumu, si kimoja zaidi, juu ya ekseli ambako uzito hauinui upande wowote. Nilishika vyuma, alichomelea yeye. Jioni ya pili alimwita meneja, akapanga madumu kumi yaliyojaa, akamwambia anyanyue kichwa cha tela kwa mkono wake mwenyewe aone kilivyotulia. Meneja alinyanyua, akaangalia fremu muda mrefu, akaniangalia mimi.

"Kwa nini hukuificha hiyo beringi?" akaniuliza.

"Nilitaka," nikasema. "Nilishindwa tu."

Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichowahi kukisikia kwake. Akasema safari moja zaidi.

Asubuhi ya kuondoka, vyumba vinane vilikuwa vimeshapata madumu matupu ya watu, tumegawana kwa kura kwa ugomvi mkubwa. Viwili vilikuwa wazi. Baba Zuhura akaja na madumu mawili ya njano, akayachomeka bila kumtazama mtu. "Ya mama yangu, pale Newala," alisema. "Endesheni polepole."

Tulimkuta Bi Fatu ameketi nje na fungu lake la nguo, amekaa hivyo tangu siku iliyotangulia. Wote wanane walipata viti. Tulipanda na mzigo wetu na madumu yetu kumi ya maji, na tela halikutikisika. Siku chache baadaye, akiwa ameshapasuliwa, kwenye baraza ya hospitali, wauguzi walimfungua bandeji ya jicho la kwanza. Nilikuwepo kwa sababu niliomba kuwepo. Alitazama ukuta, akatazama mikono yake, kisha akasikia nikimsalimu akageuka. Alinikodolea jicho hilo moja.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye mimi, mama."

"Sauti ya msichana! Mbona una mvi?"

Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni, na machozi yalikuja yenyewe, nikayaacha. Wiki iliyofuata nilimrudisha kwao. Alikataa kukaa nyuma. Alikaa kiti cha mbele, mkono kwenye dashibodi, na kuanzia Newala mpaka mlangoni kwake hakunyamaza: "Jiwe hilo, mwanangu! Shimo! Shimo jingine kulia! Polepole, unakwenda wapi?" Mimi, mwenye miaka kumi na nane kazini, niliitikia "ndiyo, mama" kila shimo, mashimo yote, hata yale niliyokuwa nimeyaona kabla yake.